Utabiri wa Mvua Si Miadi

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua, wala hawakusema mvua ni mafuriko, na zaidi ya yote hawakusema mafuriko yatafika Jumapili saa nne asubuhi. Neno walilolichagua ni dalili. Nataka leo tulizungumze neno hilo, maana naona sisi watu wa mijini tumelipoteza, na sisi wenye kalamu na vipaza sauti ndio tuliowasaidia wenzetu kulipoteza.

Mwezi Aprili 2021 nilikuwa Ifakara kwa shughuli ya kifamilia. Siku ya tatu tangu nifike, mvua ikiwa haijakata, nilipigiwa simu na mdogo wangu wa kike aliyeko Dar es Salaam. Hata salamu hakumaliza. "Kaka, huko mliko mna mishumaa?" Nikamuuliza ya nini. Akaniambia kimbunga kinakuja, kinaitwa Jobo, kitaingia Dar es Salaam Jumapili, na mtaani kwao maji ya chupa yamekwisha dukani, mkate hakuna, na mtu mmoja ametuma kwenye simu picha za minazi iliyong'oka. Nilipoziona picha zenyewe baadaye, ile minazi haikuwa ya kwetu. Bahari haikuwa ya kwetu. Hata magari yalikuwa yanapita upande wa kulia wa barabara.

Mwenyeji wangu Ifakara alikuwa mzee wa Kindamba, mtu wa mitumbwi na mpunga tangu utoto wake, ambaye kwa umri nampa heshima ya babu. Alikuwa amekaa barazani anasikiliza. Simu ilipokwisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hicho kimbunga kimepewa na jina?"

"Ndiyo babu. Kinaitwa Jobo."

"Na siku ya kufika kimesema?"

"Jumapili."

Akatikisa kichwa. "Huku kwetu maji hayana adabu hiyo."

Jumapili, tarehe 25 Aprili, Jobo alifika pwani akiwa amechoka. Nguvu zilikuwa zimemwishia baharini. Jumatatu, siku ya Muungano, kila aliyekuwa amenunua mishumaa alikuwa amegeuka mchekeshaji. Wataalamu wa hali ya hewa, ambao Ijumaa walikuwa wanasikilizwa kama manabii, wakaitwa waongo. Mimi nilisoma vichekesho hivyo nikiwa nimekaa kwenye mji ambao Mto Lumemo, unaoshuka kutoka Udzungwa na kupita pembeni yake, ulikuwa umejaa hadi kingo. Hakuna aliyekuwa ametuma picha ya Lumemo.

Sasa hebu tujiulize. Kosa lilikuwa la nani? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa na haki kabisa ya kutoa tahadhari. Pwani yetu si pwani ya vimbunga, lakini si kweli kwamba haivijui. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Majahazi yalizama bandarini, minazi ikaanguka, na mashamba ya mikarafuu ya Unguja yakaangamia kwa sehemu kubwa sana. Pemba ilisalimika, na ndiyo mojawapo ya sababu za Pemba kuwa kisiwa cha karafuu kuliko Unguja hadi kizazi chetu. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kikaingia Lindi. Basi mtaalamu anayeona kimbunga kinaelekea pwani yetu katika mwezi wa Aprili, akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Miaka miwili kabla ya Jobo, Aprili 2019, watu wa Mtwara walikuwa wameambiwa wahamie sehemu za usalama, shule na ofisi zikafungwa, kwa ajili ya kimbunga kilichoitwa Kenneth. Kenneth akashuka upande wa pili wa Mto Ruvuma, akaingia Cabo Delgado kule Msumbiji, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Upande wetu wapo walionung'unika kwamba wamesumbuliwa bure. Mtu anayesema amesumbuliwa bure, huku jirani yake ng'ambo ya mto anazika, anahitaji kukaa chini na kufikiri tena.

Na msidhani haya ni ya Waswahili peke yao. Kule Marekani, kila tangazo la dhoruba ya theluji likitolewa, watu hukimbilia madukani wakamaliza mkate na maziwa. Januari 2015 jiji la New York liliambiwa litarajie theluji ya kihistoria. Usafiri wa treni za chini ya ardhi ukasimamishwa, magari yakakatazwa barabarani, meya akawaonya watu kwa maneno mazito. Asubuhi theluji iliyoanguka pale mjini ilikuwa kama sentimita 25 tu, wakati maeneo ya mashariki na kaskazini yake yalifukiwa kwelikweli. Mtabiri mmoja wa serikali akaomba radhi hadharani. Ilikuwa dhoruba ya kweli, ila ilipita kando kidogo ya mahali penye kamera nyingi.

Hapo ndipo penye shina la jambo lenyewe. Mtu wa mjini huupima utabiri wa nchi nzima kwa mfereji wa mbele ya nyumba yake. Mei 2024 tulipata kimbunga Hidaya. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na wengi wakalala na redio. Tarehe 4 Mei kikaingia Mafia, kikapungua nguvu, na Dar es Salaam ikaamka ikiwa nzima. Vichekesho vikaanza upya. Lakini muulize dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Lindi wiki ile. Barabara ilikatika eneo la Somanga, daraja likaenda na maji, na kusini ikatengwa na sisi kwa siku kadhaa. Kwa Dar es Salaam Hidaya ilikuwa hadithi. Kwa mkoa wa Lindi ilikuwa bei ya unga.

Narudi Ifakara, kwa sababu ni mahali pazuri pa kujifunzia tofauti ya utabiri na miadi.

Mkisikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mtasikia mikoa inayopata mvua moja kwa mwaka, ile inayoanza Novemba na kuishia Aprili, ikitajwa kwa mfuatano: Kigoma, Tabora, Rukwa, Mbeya, Ruvuma, na mingine. Mwisho kabisa wa sentensi, wakati mtangazaji anavuta pumzi, ndipo husikika maneno "pamoja na kusini mwa mkoa wa Morogoro". Hapo ndipo Ifakara ilipo. Kilombero yote, Ulanga na Malinyi vimo ndani ya mkia huo wa sentensi.

Kisha husemwa mvua itakuwa "wastani hadi juu ya wastani". Maana yake ni nini? Wataalamu huchukua mvua za miaka mingi iliyopita, wakazipanga kuanzia mwaka mkavu hadi mwaka wa maji mengi, wakazigawa mafungu matatu yaliyo sawa. Kama huna habari yoyote, kila fungu lina nafasi 33 katika 100. Tuseme sasa bahari imepata joto, na mtaalamu anasema fungu la juu limepata nafasi 45 katika 100. Kwa mwenye shamba hiyo ni habari kubwa. Lakini angalieni, bado zipo nafasi 55 kwamba mvua haitaangukia fungu hilo. Sasa mpe habari hiyo mhariri mwenye ukurasa wa kwanza usio na kichwa cha habari. Atachapa nini? Nimekaa kwenye vyumba hivyo, najua atachapa nini. Atachapa neno GHARIKA.

Na lipo jambo la pili ambalo utabiri wa mvua hausemi, wala haukusudii kusema. Kilombero haifuriki kwa mvua ya Ifakara peke yake. Upande mmoja bonde limeegemea Udzungwa, ambako miteremko ya mashariki hupata mvua inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa pili ni milima ya Mahenge. Huko juu, Ruhudji unatokea nyanda za Njombe, na Mnyera na Mpanga zinashuka kuungana nao. Maji yote hayo yanakutana kwenye uwanda wenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 ulio bapa kama mkeka. Kwa hiyo mtu wa Ifakara anaweza kuanika nguo juani huku mto unapanda. Mvua iliyomletea maji hayo ilinyesha kwa watu wengine, siku nyingine.

Wenyeji wanaijua hesabu hiyo. Maji hupanda kati ya Machi na Mei, na kufikia Juni au Julai uwanda unaanza kukauka. Yakipanda kiasi, mpunga unakunywa, kambale na perege wanazaana kwenye majani yaliyofunikwa, na sheshe wanasogea kwenye kingo zilizo kavu. Yasipopanda kabisa, huo nao ni msiba: hakuna mpunga, hakuna samaki. Familia nyingi huhamia shambani wakati wa kilimo, zikakaa kwenye vibanda vya muda hadi mavuno. Kwa watu hawa swali la "mafuriko yatakuja au hayaji" halina maana, kama vile mtu wa Kariakoo hatamuuliza mwenziwe kama jioni kutakuwa na foleni. Swali ni yatafika wapi.

Nyuma ya nyumba ya yule mzee kuna mwembe mkubwa, na kwenye shina lake pamekatwa alama kwa panga. Alinionyesha. Hii ya mwaka huu, hii ya mwaka wa Elinino. Nikaona alama moja ya juu kuliko zote, karibu na bega langu, imeanza kuzibwa na gome. Nikauliza hii ni ya mwaka gani. Akasema, "Huo mwaka haukuwa na jina."

Neno hilo Elinino lilituingia mwaka 1997. Bahari ya Pasifiki, mbali huko upande wa pili wa dunia, ilipata joto, na kuanzia Oktoba 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 Afrika Mashariki ikanyeshewa kama haijawahi kunyeshewa na wengi waliokuwa hai. Madaraja yalikwenda, reli ya kati ikakatika, mazao yakaozea mashambani. Hata leo ukimtajia mtu wa Dar es Salaam mwaka wa Elinino hahitaji maelezo. Baada ya hapo, tangu mwaka 1998, wataalamu wa nchi zetu wamekuwa wakikutana kabla ya msimu kulinganisha hesabu zao, jambo jema sana. Lakini neno lenyewe likawa kama zimwi la kutishia watoto. Kila mara bahari hiyo ikipata joto, sisi wa magazeti tunalitoa kabatini na kulivalisha nguo za 1997.

Na zimwi likitajwa mara nyingi bila kuonekana, watoto huacha kuliogopa. Agosti 2023 Mamlaka yetu ilitangaza kwamba vuli ile ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya Elinino. Oktoba ikapita na jua lake. Nakumbuka maneno ya vijiweni: Elinino imepotea njia, Elinino imekosa nauli. Kwa jirani zetu Kenya, mapema mwezi huohuo, Rais William Ruto mwenyewe aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadili utabiri, na kwamba kutakuwa na mvua kubwa tu, si Elinino iliyohofiwa. Kufikia mwisho wa Novemba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko Kenya. Kwetu, asubuhi ya tarehe 3 Desemba, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mvua haikuishia hapo. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000.

Sisemi tope la Hanang lingezuiwa kwa kusoma gazeti. Nasema kwamba ile hofu ya mishumaa na yale mazoea ya kucheka ni watoto wa mama mmoja. Wote wawili wanaamini kwamba mtabiri ametoa miadi. Mmoja anajiandaa kwa siku hiyo tu, mwingine siku ikipita anajiona ameshinda. Na mvua ya kweli hupenda kuja katikati yao, wakati mishumaa imekwisha kuliwa na panya.

Wapo watakaosema afadhali kuogopa sana kuliko kuogopa kidogo. Kwa kimbunga cha siku mbili nakubali. Boti ikilala bandarini siku moja, hasara yake inahesabika. Lakini ipo hofu ya serikali, ambayo haiishi Jumatatu, na mfano wake tunao katika maji hayahaya ya Kilombero.

Kilombero ikishaiacha Ifakara inakwenda kukutana na Luwegu, na hapo ndipo jina Rufiji linapoanza. Warufiji wa bondeni waliishi na maji kama wenzao wa huku juu. Mto ukishuka waliufuata kwa jembe, wakapanda mahindi na pamba kwenye udongo mbichi uliobaki. Waliita mlau. Kwenye miezi ya maji walilala juu ya madungu, nyumba zilizoinuliwa kwa nguzo. Tangu enzi za Mwingereza mto huo ulitazamwa na wapangaji kama mkorofi wa kufungwa kamba. Kati ya mwaka 1955 na 1960 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilipima bonde lote na kufikiria mabwawa. Kisha likaja furiko kubwa la 1968. Serikali, kwa nia njema kabisa na kwa moto wa Azimio la Arusha, ikaona dawa ni kuwatoa watu bondeni. Ikaanza Operesheni Rufiji, ya kwanza miongoni mwa zile operesheni kubwa za kuhamisha watu vijijini.

Watu walipandishwa kwenye miinuko. Mashamba, bila shaka, hayakupanda nao. Yalibaki bondeni kwenye rutuba, na mkulima sasa akawa na mwendo mrefu wa kuyafikia. Usiku nguruwe na viboko walijua hakuna mlinzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopeleka watafiti huko miaka ya 1970 walikuta wakulima wenyewe wanalihesabu furiko kuwa neema kwa miaka mingi na janga kwa miaka michache tu. Na wengi, msimu ukifika, walikuwa wanarudi kimyakimya kwenye madungu yao. Mwaka mmoja wa maji mengi ulikuwa umefanywa kipimo cha miaka yote.

Sitetei kukaa mtoni maji yakiwa shingoni. Leo Rufiji ina Bwawa la Julius Nyerere, watu wameongezeka, misitu ya juu imepungua, na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalizua ubishi kati ya wananchi na wenye bwawa ambao haustahili kumalizwa kwa dakika kumi za redio. Ifakara nayo si kijiji cha wavuvi tena. Tangu 2018 daraja la mita 384 limevuka mto pale palipokuwa na kivuko, na watu wamejenga hadi kwenye mabonde ya Lumemo ambayo babu zao wasingefunga hata mbuzi. Hao wanahitaji utabiri kuliko babu zao. Wanahitaji kuambiwa mto umepanda kiasi gani huko juu na utawafikia baada ya saa ngapi, kata kwa kata, kwa redio ya palepale. Ndiyo maana inaniuma kwamba wino wote unamwagikia jina la kimbunga, na kusini mwa mkoa wa Morogoro inabaki kuwa mkia wa sentensi. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni pale katika mvua na upepo mkali. Upepo huo haukuwa na jina, na hakuna mtu Dar es Salaam aliyekuwa amenunua mshumaa kwa ajili yake.

Wiki ile ya Hidaya, Mei 2024, nilimpigia simu yule mzee kumjulia hali. Nikamsikia anapiga kelele kuwaelekeza vijana. Nikamuuliza maji yamefika wapi, maana sasa nami najua namna ya kuuliza. Akasema yamefika mwembeni, yamepita alama ya Elinino, ile ya juu bado. Kisha akaniuliza kama kile chenye jina kimeshafika kwetu.

"Kimeingia Mafia, babu. Kwetu kimepita."

"Hiki cha kwetu hakijapewa," akasema, na akakata simu, kwa sababu walikuwa wanapandisha magunia ya mpunga darini.